Jina la Baba Mkwe

Abiba aliusikia wimbo ule mikono yake ikiwa ndani ya karai la vikombe, katika hoteli ya chai alikokuwa akiosha vyombo mjini Isiolo. Redio ilikaa juu ya kabati, na humo redioni magitaa yalikuwa yakipiga wimbo wa kunywesha ngamia. Walikuwa wameutia tarumbeta na maneno ya msichana mwenye macho mazuri, lakini tuni ilikuwa ile ile, pamoja na pale inapokatika ghafla ili mtu wa kisimani apokee ndoo. Ndoo gani, redioni? Wezi hawakujua hata ile nafasi ni ya nini, wakaiiba nayo.

Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akamsifu mpiga gitaa mmoja wa Nairobi kuwa ndiye mtunzi. Abiba akaangusha kikombe.

Abiba alimjua mtunzi wa kweli. Ni baba mkwe wake, aliyeutunga kisimani karibu na Garbatulla, na kabla ya vita akawaimbia watu wawili waliokuja na mashine ya kunasa sauti, akawapa na maziwa juu. Kisha vita vya serikali na waasi walioitwa shifta vikaingia. Ngamia walipigwa risasi, watu wakafungiwa kijijini nyuma ya seng'enge, na homa ikawafagia: mzee, mama mkwe, mawifi wawili, na mwishowe Godana, mumewe. Sasa, mwaka wa sitini na saba, Abiba alikuwa na chumba mtaa wa Kiwanjani na hakuwa na jamaa hata mmoja. Askari waliingia hotelini kunywa chai, wakiupiga mluzi wimbo wa ngamia waliowaua wenyewe. Hilo lilimchoma kuliko yote. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na ni kweli. Lakini yeye Abiba alikuwapo.

Kesho yake akaenda kwa Gikunda, Mmeru aliyewaandikia watu barua kwa taipu kwenye baraza la duka.

"Salaam aleikum. Andikia watu ya redio. Waambie hiyo wimbo iko na mwenyewe."

Gikunda akaandika kwa moyo wote, maana alipenda ugomvi wa karatasi. Akafika mahali akasimama. "Mwenyewe anaitwa nani?"

"Ni baba ya bwana yangu Godana."

"Sawa, mama, lakini jina?"

Abiba akatikisa kichwa. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa kaburini. Hata neno linalofanana nalo hulikwepa; na kwa kuwa mzee aliitwa kwa neno la Kiborana la mvua, kwa miaka kumi na tisa mvua ikinyesha Abiba alisema maji ya juu yameshuka. Aliteleza mara moja tu, akiwa bibi arusi, na mawifi walimsuta mwezi mzima.

Gikunda akajaribu mlango wa nyuma. "Bwana yako alikuwa Godana nani?"

"Godana mtoto ya baba yake."

"Ai, mama! Hata mimi ni mtoto ya baba yangu. Si ulete mtu mwingine ya kwenu aseme?"

Mtu mwingine. Abiba alifikiri kwa bidii, kama anayepekua mfuko anaojua ni mtupu. Wote waliolijua jina lile walikuwa wamezikwa Garbatulla, na aliyebaki nalo ni yule mmoja asiyeruhusiwa kulisema. Asipolisema, mpiga gitaa atakuwa mtunzi mpaka kiama.

"Roba," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaikasirikia, akarudia. "Roba Duba. Andika."

Gikunda akaandika, wala hakuona ajabu. Abiba alikuwa ameshaziba mdomo kwa shuka na kugeuka, akingoja kusutwa. Na wifi, na mama mkwe, na mwanamke yeyote wa ukoo. Alingoja sana. Nyuma yake palikuwa na mbuzi wa mtu tu, akitafuna katoni. Machozi yakamshuka.

Taipu ikanyamaza. "Mama, kwani nimekosea herufi?"

"Hapana," alisema Abiba. "Ni mimi nimekosea. Na hakuna mtu ya kuniambia."