Mkamburi Mbele ya Maji

Tangu azaliwe kule Rukanga, Mkamburi alikuwa amekimbia kwa moyo wake wote mara moja tu, na siku hiyo nyuki ndio waliokuwa nyuma yake. Baadaye aliolewa, akahamia Voi kwenye nyumba za reli, akakaa nyuma ya cherehani mpaka kiti kikachukua umbo lake. Alishona sare za shule, magauni ya arusi, na suruali za makarani ambao kila mwaka walirudi kuongezewa kiunoni huku wakikilaumu kitambaa. Yeye mwenyewe alinenepa vizuri, na hakuna aliyemlaumu. Mke wa mtu wa reli akikonda, watu huanza kumtazama mumewe vibaya.

Kisha mumewe, Ndeti, akafariki, na nyumba ikatakiwa na mfanyakazi mwingine. Reli haina matanga marefu. Binti yao wa pekee, Alice, alikuwa Mombasa akisomea uuguzi. Kwa hiyo Mkamburi akapakia cherehani yake kwenye treni ya Taveta, akaenda Mboghoni, kwenye shamba ambalo marehemu alilinunua na kulilima akiwa kijana, kabla ya reli kumchukua. Shamba lilikuwa zuri, jeusi, laini kama mkate. Ubaya wake ulikuwa mmoja: lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji.

Na mfereji ule ulikuwa na sheria zake, ambazo hata serikali ilizipita kando. Kila shamba lilikuwa na mdomo wake ukingoni, wa kuingizia maji, na midomo yote ilikaa wazi. Siku ya zamu yako, kengele ya kanisa ikilia asubuhi, unafungua banio, lango la maji kule mtoni, halafu unakimbia mbele ya maji ukiziba midomo ya wenzako kwa udongo na vipande vya mgomba vilivyolazwa ukingoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka shambani kwako. Kuziba mdomo wa mtu kabla ya kengele, au kuyamwaga maji ya mwenye zamu, ni wizi, na faini yake ni mbuzi. Maji yakikupita, yakaingia kwa mtu, yamekwenda. Huyo mtu atakushukuru na hatakurudishia hata tone. Na kubwa kuliko yote: zamu ni ya yule aliyeyakimbilia maji. Ukikimbiliwa na mtu mwingine, hata kwa wema, zamu imekuwa yake, na shamba lako ni malisho ya mbuzi.

Ndiyo maana siku shemeji yake Kimeu alipokuja kumkaribisha, akiwa na mkungu wa ndizi begani na tabasamu pana, watu waliokuwepo waliacha kutafuna.

"Shemeji," Kimeu alisema, "wewe umetoka mjini. Kaa kivulini ushone. Hayo maji nitakukimbilia mimi. Ndeti alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, nitashindwaje?"

"Asante shemeji," Mkamburi akasema. "Ndizi nimepokea. Maji nitakimbilia mwenyewe."

Kimeu akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, bila haraka, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na pana.

"Utakimbia wewe?"

"Kwani umeniona na magurudumu?"

Watu wakacheka, na kwa kicheko kile jambo likawa limeshatangazwa. Hakukuwa na kurudi nyuma.

Zamu yake ya kwanza ilikuja kabla ya mvua za vuli. Mkamburi aliamka, akanywa uji bakuli mbili ili apate nguvu, akavaa viatu vyake vya ngozi vya kanisani kwa heshima ya shughuli, akaenda mtoni. Mzee Obadiah, msimamizi wa mfereji, alikuwa amesimama pale na kopo lake la ugoro. Kengele ikalia. Mkamburi akafungua banio, akatoka kama risasi.

Mdomo wa kwanza aliuziba vizuri. Wa pili aliuziba vibaya. Kumaliza wa tatu, uji ulikuwa unapanda, kichomi kimemshika ubavuni kama mkasi, na kiatu kimoja kilikuwa kimebaki kwenye tope. Akasema apumzike kidogo tu, ashushe pumzi. Akakaa ukingoni. Maji yakaja taratibu, yamebeba povu na majani makavu, yakampita miguuni kama mtu anayekwenda sokoni, yakaenda moja kwa moja kwenye migomba ya Kimeu.

"Ahsante shemeji!" Kimeu akaita kutoka shambani kwake. "Ndizi zinakusalimia!"

Mzee Obadiah alifika akiwa amembebea kile kiatu. "Mama Alice," alisema, "mvua inakuja, mfereji utafungwa. Ukifunguliwa, utapewa zamu moja. Maji yasipofika kwako, nitampa mwenye kuweza kuyafikisha. Si ubaya. Mfereji hauwezi kulisha magugu."

"Nimesikia, Mzee."

"Na uji," akaongeza, akivuta ugoro, "kunywa ukirudi."

Jirani yake wa karibu alikuwa Tryphena, mwanamke mwembamba mwenye mdomo ambao haukuwahi kuzibwa na mgomba wowote. Jioni ile alimkuta Mkamburi amelala kiubavu, anajipaka mafuta ya nyonyo kwenye mashavu ya miguu.

"Umekufa?"

"Bado. Tryphena, wewe unakimbiaje na maji?"

"Mimi nimekimbia tangu nina meno ya utoto. Wewe umekaa. Aliyekaa hajui kukimbia kama ambavyo mimi sijui kushona. Ningeshika cherehani yako leo, ningekutolea shati kesho?"

"Ungeshona kidole chako."

"Basi na wewe umeshona kidole. Anza na mshono mfupi."

Asubuhi iliyofuata Mkamburi alianza. Alikimbia kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye daraja la magogo, umbali ambao kuku huvuka akiwaza mambo mengine, akasimama akihema mikono kiunoni. Akatembea. Pumzi ikarudi. Akakimbia tena mpaka kwa Tryphena. Akatembea. Viatu aliviacha nyumbani.

Tatizo halikuwa miguu peke yake, lilikuwa watu. Mtu mzima, mama wa kanisa, hakimbii hivihivi. Siku ya kwanza wanawake walitoka nje mikono vichwani: "Nani amekufa?" Siku ya pili wanaume wawili walishika mapanga wakakimbia nyuma yake, wakidhani anafukuza mwizi, na walipogundua hakuna mwizi walikasirika kama watu waliodhulumiwa. Na ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya mkoloni haipendi kuona mtu anakwenda haraka. Siku ya tatu askari kanga, polisi wa chifu, akamsimamisha karibu na barabara ya Taveta.

"Wewe mama! Unakimbia nini?"

"Sikimbii kitu."

"Unakimbilia nini?"

"Daraja."

"Kuna nini darajani?"

"Hakuna kitu. Nikifika narudi."

Askari alifikiri sana. Hakuna mahali alipofundishwa kosa la namna ile. "Rudi nyumbani," akasema mwishowe, "na urudi kwa kutembea."

Tryphena alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaingia ndani, akatoka na jembe.

"Shika hili."

"La nini?"

"Mtu anayekimbia mikono mitupu ni mwizi au mwendawazimu. Mtu anayekimbia na jembe ana shida ya maji. Hapa Mboghoni hakuna atakayekuuliza."

Na kweli. Kesho yake Mkamburi alipita mbele ya askari yuleyule, jembe begani, jasho usoni, na askari akamwonyesha njia. "Wahi, mama, wahi!"

Jembe lilikuwa zito. Mwanzoni lilimgonga shingoni kila hatua, likamchosha mara mbili. Alilaani jembe, akamlaani Tryphena, akamlaani marehemu kidogo kwa kununua shamba mkiani mwa mfereji, halafu akaomba msamaha kwa marehemu peke yake.

Kitu kilichomfungua macho kilikuja akiwa amekaa. Siku moja ya mvua alikuwa anashona gauni la ubatizo, mguu kwenye kanyagio, akili iko mbali. Akausikia mguu wake. Kwa miaka yote ile mguu ule ulikuwa ukikanyaga kutwa nzima bila kuchoka, na siri yake ilikuwa haina maajabu: haukuwa na pupa. Ukikanyaga kwa pupa uzi unakatika. Ukisimamasimama mshono unakwenda upande. Unakanyaga kama unapiga soga, na nguo inaisha yenyewe.

Alitoka kwenye manyunyu, jembe begani, akakimbia kwa mguu wa cherehani. Tiki-tiki, tiki-tiki. Polepole kiasi kwamba bata alimpita. Lakini daraja likaja, likapita. Nyumba ya Tryphena ikaja, ikapita, na Tryphena akatoka na mwiko mkononi.

"Mama Alice! Hiyo ni mbio au maandamano?"

"Ni kushona!" Mkamburi akajibu, na wote wawili wakashangaa, kwa sababu alikuwa ameongea akikimbia na pumzi imebaki.

Kuanzia hapo alisogeza mpaka kama anayeongeza pindo. Leo mpaka kanisani. Baada ya siku kadhaa, mpaka kwenye mti wa mnazi uliopigwa radi. Kuna siku aliteleza akaingia kwenye tope mzima mzima, akarudi nyumbani anafanana na chungu ambacho hakijachomwa. Kuna siku miguu ilikataa kabisa, akatembea tu, hakujilaumu kwa hilo. Leso ikaanza kuzunguka kiuno mara moja na nusu. Alipofika banioni siku ya kwanza bila kutembea hata hatua moja, mtoni hakukuwa na mtu wa kumpigia makofi, isipokuwa nyani mmoja aliyemtazama kwa dharau. Mkamburi alifurahi hata hivyo, akamsalimia.

Mvua ikaisha. Mfereji ukafunguliwa. Zamu zikazunguka, zikamfikia.

Asubuhi ile alikuja banioni tumbo tupu, miguu mitupu, jembe begani. Mzee Obadiah akatazama miguu, akatazama jembe, akavuta ugoro. Mashamba yote yalikuwa na watu ukingoni, maana burudani Mboghoni si nyingi. Kengele ikalia.

Mkamburi akafungua banio, akaanza. Tiki-tiki.

"Aii! Anakwenda kanisani huyu!"

"Mama, maji yatakupita kwa heshima!"

Mdomo wa kwanza: mgomba, udongo, kisigino. Wa pili. Wa tatu, pale alipokaa mara ile, aliuziba na kuondoka, na nyuma yake akasikia maji yanakuja, yakisukuma majani kwa sauti kama ya mtu anayekunja karatasi. Yalikuwa karibu. Hakuongeza mwendo. Uzi usikatike.

Mdomo wa Kimeu ulikuwa mpana kuliko yote, na Kimeu mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, shati safi, kikombe kikubwa cha bati mkononi, mvuke unapanda.

"Shemeji! Umetoa jasho. Chai ya maziwa hii, mke wangu amekupikia. Kaa hapo, kunywa, ni dakika tu."

Na hapo ndipo wengine wangekwama. Chai ya shemeji haikataliwi. Ukiikataa mbele ya watu umemtukana yeye, mkewe na ng'ombe wake, na habari itakwenda mpaka Mwatate. Ukikaa kuinywa, maji yamekwenda. Kimeu alilijua hilo, na watu wote ukingoni walijua kwamba analijua.

Mkamburi aliziba mdomo kwanza, kwa jembe, mapigo makubwa ambayo mikono ya cherehani haikuwa nayo zamani. Halafu akapokea kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mke mwema wa kaka.

"Asante sana, shemeji. Nitainywa."

Akaondoka nacho. Tiki-tiki, jembe begani, kikombe mkononi, anapiga funda moja kila hatua kadhaa, chai inamwagikia kifuani.

"Shemeji! Kikombe changu!"

"Nakunywa, shemeji! Tamu sana!"

Kicheko kilitembea na mfereji haraka kuliko maji. Tryphena alikaa chini kabisa, hawezi kusimama.

Midomo iliyobaki ilikwenda mmoja mmoja. Miguu ilikuwa inaungua, lakini ilikuwa inaungua na kwenda. Akamaliza chai. Shamba lake likaonekana, jeusi, likingoja. Na hapo, hatua chache tu kabla ya kufika, akaona ukingo umetobolewa: kaa wa mfereji alikuwa amechimba tundu la kupitisha ngumi, linaelekea porini. Vipande vya mgomba vilikuwa vimekwisha. Udongo pale ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalikuwa yanakuja, yana povu.

Mkamburi akatazama mkono wake. Akakisokomeza kikombe ndani ya tundu, akakigonga kwa kisigino cha jembe mpaka kikakaa, akasimama pembeni.

Maji yakafika. Yakakigusa kikombe, yakazunguka kidogo kama yanayouliza njia, yakapita, yakaingia kwenye shamba la Ndeti. Ardhi ile iliyanywa kwa sauti. Mkamburi aliingia katikati akasimama, tope likampanda vidole, na hapo ndipo miguu yake ilipomwomba ruhusa ya kukaa, naye akaipa.

Mzee Obadiah akaja, akaona, akapiga chafya. "Zamu ya Mama Alice," akasema kwa sauti ya kusikika mbali.

Jioni Kimeu alikuja. Alisimama ukingoni akikwepa kumtazama.

"Shemeji, nimefuata kikombe. Mke wangu ananiuliza."

"Kiko pale kwenye tundu," Mkamburi akasema. "Kichukue. Lakini ukikitoa, maji yangu yatamwagika porini, na bado ni zamu yangu mpaka kengele ya kesho. Na unajua faini."

Kimeu akahesabu mbuzi wake kichwani. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya kupindukia, akacheka. "Basi kaa nacho. Lakini chai ingine sikupi."

"Utanipa," Mkamburi akasema. "Zamu itarudi, na nitapita palepale."

Kikombe hakikutolewa tena. Kiliota kutu, udongo ukakikumbatia, na watu wakaanza kuelekezana njia kwa jina lake: "Ukifika Kikombe, kata kulia." Mkamburi aliendelea kushona, mguu kwenye kanyagio, na kila asubuhi, zamu ikiwepo au isiwepo, aliendelea kukimbia mpaka mtoni. Jembe alilirudisha kwa Tryphena. Askari kanga alimwona siku moja anapita mikono mitupu, akainuka kwenye kiti chake, akamtambua, akakaa tena.

"Wahi, mama," akasema.

"Siwahi kitu," Mkamburi akamjibu, akapita. Tiki-tiki.