Barua ya Ubatizo na Kahawa ya Mjane

Jumapili, misa ilipokwisha hapa Mbinga, baba mmoja alimfuata mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa kuomba barua ya kumbatizia mtoto. Vidole vyake vilinata utomvu wa kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jumuiya hatukuoni, leo misani hukuwepo. Barua ya nini?"

"Nilikuwa nyumbani kwa yule mjane aliyelazwa hospitali. Kahawa yake ilichumwa jana, nisingeimenya leo ingeharibika."

"Huyo tumemwombea sana." Mwenyekiti akafunga daftari la mahudhurio. "Wewe umemwombea?"

Baba akafuta vidole kwenye suruali. "Hapana, mama. Sikupata nafasi."

Barua akanyimwa.

Sala ile niliitoa mimi mwenyewe, kwa sauti, kwamba Mungu amtumie mjane mtu wa kumsaidia. Na baba yule aliponyimwa barua nilikuwa nimesimama palepale, kimya, kitenge changu cha jumuiya kimepigwa pasi. Sasa sielewi. Katika daftari lile sijakosa hata Jumapili moja, na nyumba ya mjane inapakana na yangu.

Waliosoma dini wanieleweshe Mkristo ni yupi. Wakati nawasubiri, naenda kwa mjane. Kuanika kahawa hakuhitaji elimu.