Kamba ya Sufu ya Mama Mkwe

Nilimzaa mama mkwe wangu hospitalini Thika, asubuhi ya mvua. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na hapewi jina tu, anapewa mtu mzima. Tangu siku ile mume wangu humwita bintiye "mum". Naye mama mkwe, alipompakata mara ya kwanza, alinitazama machoni akasema, "Sasa wewe ndiye mami yangu." Nilicheka. Sikujua heshima ile ingekuja kunitokea puani.

Mtoto wa namna hiyo hafokewi ovyo. Siku moja nilijisahau nikasema, "Huyu mtoto ni msumbufu kweli!" Mama mkwe alikuwa jikoni kwangu akimenya nduma, haya magimbi ya kwetu. Akauliza polepole, "Mimi ni msumbufu?" Nilikula nduma zile kwa adabu sana.

Usumbufu wenyewe ulitokana na chuchu ya mpira, hii ambayo wenye maduka huiita pasifaya. Binti yetu, akiwa na miezi minane, hangeweza kulala bila kuinyonya, na akilala tu alikuwa ameshaipoteza. Inatoka mdomoni, inabingirika, inapenya kwenye mbao za kitanda chake, kisha jirani zetu wote wa Ruiru wanajulishwa. Mimi na mume wangu tulitambaa chini ya kitanda na tochi za simu, tukigongana vichwa kama mbuzi. Mume wangu alikuwa na bidii iliyopita kiasi. Mtoto akiitema huku amelala fofofo, yeye alimrudishia mdomoni, na hapo ndipo mtoto alipoamka kweli kweli.

Mambo yalikuwa hivyo nilipopata kazi Thika, ya kuanza Jumatatu, na mama mkwe akaja kukaa na mtoto. Aliingia na ndizi, nduma na furushi la nyuzi za sufu. Kabla ya chai alikuwa ameshamaliza kufuma kamba nyekundu na kijani, ncha moja kwenye chuchu, ncha nyingine kitanzi cha kupita kichwani.

"Haitapotea tena," akasema. "Si unaona yangu?"

Niliiona. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba kama ile ile.

Akamvika mtoto, akamlaza. Binti yetu akageuka upande, na kamba ikaja chini ya kidevu ikakaza. Niliivua haraka, nikasingizia kwamba nataka kumfuta mate. Niliogopa vibaya. Jumatatu ningekuwa Thika, na mtoto angekuwa Ruiru na kamba ile shingoni, na wa kuivua asiwepo.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mama mwenyewe, kwa mujibu wa mama mkwe, ndiye mimi. Lakini ni nani angethubutu? Mwanzo nilitumia ujanja. Kamba ilienda kufuliwa ikapotelea huko. Kufikia chakula cha jioni alikuwa amefuma nyingine, ndefu zaidi, "ili asibanwe." Nikamtuma mume wangu. Walizungumza sebuleni muda mrefu, nikasikia vicheko, kisha akaja chumbani akifuta mafuta ya chapati mdomoni.

"Nimemwambia," akasema.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba amejaribu sana. Ni kamba safi."

Sikumpikia kesho yake.

Ijumaa ilikuwa siku ya kliniki, nikahakikisha mama mkwe amekuja nasi. Nesi, msichana mpole, alieleza bila kuzungukazunguka. Mtoto alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto, bila kofia, bila mablanketi ya kujirundika, bila midoli. Chuchu isifungwe kamba wakati wa kulala, si shingoni, si kwenye nguo, si kwenye kitanda. Ikidondoka akiwa amelala, iachwe hapo hapo. Na kwa kuwa mkono wake sasa unashika vitu, atawanyiwe chuchu kadhaa kitandani, na mchana afundishwe kuziokota mwenyewe.

Mama mkwe aliitikia kila neno. "Eeh, daktari. Eeh." Tulipofika nje akaniuliza, "Huyo ako na watoto wangapi?"

"Sijui, mum."

"Hana hata mmoja. Nimemwangalia mikono."

Jumamosi tulifanya mazoezi. Nilimkalisha binti yetu kwenye mkeka, nikamzungushia chuchu. Akilia, simtii mdomoni, naupeleka mkono wake mpaka uguse, kisha namwachia. Ya kwanza aliinyonya kinyumenyume. Ya pili alimrushia bibi yake, shosho kama tunavyomwita. Baadaye akaokota moja, akaigeuza, akaitia mdomoni sawasawa, akatutazama kama aliyetulipia kodi ya nyumba.

"Mimi nilikuwa na akili tangu zamani," mama mkwe akasema kwa furaha. Kisha akambeba akamlaze, na njiani akaitoa ile kamba mfukoni. Nilimfuata nyuma. Alipotoka chumbani niliingia nikaivua, na moyo wangu ukaniambia kwamba Jumatatu hakutakuwa na wa kumfuata nyuma.

Jumapili, tulipotoka kanisani na kula, mama mkwe alivua viatu ajinyooshe kwenye kochi. Mtoto alikuwa mapajani mwangu akipiga miayo, kamba tayari shingoni, maana shosho alishamwandaa kwa usingizi. Mama mkwe akashika kamba ya miwani yake, akaipitisha kichwani, akaiweka kwenye stuli.

"Mum, mbona unaitoa?" nikauliza. Nakuapia, sikuwa nimepanga.

"Ai! Nilale nayo shingoni? Unataka ininyonge?"

"Na ukiamka utaipata aje?"

"Si napapasa tu hapa. Kwani sina mikono?"

Nilimbeba binti yetu nikamweka kochini kando yake, na kamba yake nyekundu na kijani, wakatazamana.

"Na wewe huyu mwingine," nikasema, "tumlaze aje?"

Mume wangu akainuka ghafla akakumbuka kazi fulani kwenye gari. Mama mkwe alijitazama pale alipokaa, mdogo, bila meno ya kutosha, akitafuna sufu. Kisha akaivua ile kamba taratibu, akaivingirisha kidoleni.

"Haiya," akasema. "Si ungesema tu, mami?"

Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumkumbatia. Nilimkumbatia.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilipiga simu nikiwa Thika, nyuma ya stoo.

"Mtoto amelala, mum?"

"Nimelala vizuri," akasema.

"Chali?"

"Chali. Sina mto, sina blanketi, nimevaa ile nguo nzito umeniachia."

"Na kamba?"

"Kamba nimefungia mlango wa jikoni, ulikuwa unapigwapigwa na upepo."

Nikashusha pumzi. "Na chuchu? Haijapotea?"

"Ilianguka. Nikalia kidogo. Nikapapasa, nikapata ingine, nikaweka mdomoni, nikarudi kulala." Sauti yake ikajaa majivuno. "Sikuita mtu."

Nilijifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Umefanya vizuri, mtoto wangu," nikamwambia mama mkwe wangu, naye akasema asante.