Nilipoziba Jalala kwa Udongo wa Ndiva

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimeikumbuka mara nyingi na bado sijaimaliza kuielewa. Ni siku niliyoyakuta maji yanachemka chini, kwenye tope, kando ya ua wa mama mmoja pale Same. Nikatia kidole. Yalikuwa baridi. Nikakitoa kidole, nikakitazama kama si changu, nikakitia tena. Yanachemka, na ni baridi. Nikasimama pale nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne kichwani, nikakipekua chote, sikuona mahali lilipoandikwa jambo hilo.

Nakusimulia kwa sababu umepata kazi huko tambarare, na mama yako amekuja kuniomba nikupe nasaha. Amekosea mlango, lakini basi. Mimi ni mtu ambaye safari yake ndefu mwaka huu imekuwa kutoka jikoni hadi barazani, tena nilipumzika njiani. Na mnaniita mzee kabla ya wakati wake, ila nimeona mzee hatumwi dukani, nikanyamaza.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na simu za mkononi pale Same ulikuwa unaweza kuzihesabu. Hapa nyumbani milimani nilisifika kwa kukaa. Baba alipochoka kunitazama, akanitafutia kazi chini, kando ya mji wa Same, kwenye mradi wa jalala. Nilishuka na godoro, sufuria na gunia la mahindi na maharage ya kupikia makande, maana sikuamini kwamba watu wa chini wanajua kula.

Jalala lenyewe halikuwa kama yale uliyozoea. Walichimba shimo kubwa, wakatandika plastiki nzito chini, wakajaza taka za sokoni, wakashindilia, wakafunika udongo juu. Ndani yake walisimamisha mabomba yenye matundu, ili hewa inayotoka kwenye taka zikioza iingie humo na kupelekwa jikoni. Hewa hiyo inawaka moto. Mpango ulikuwa ifike shule ya msingi ya jirani, wapishi waachane na kuni. Kwa kuanzia tulikuwa na jiko moja tu, kwenye kibanda chetu, la kuchemshia chai.

Mkuu wetu alikuwa Injinia Kulwa, dada wa Kisukuma, mpole wa sauti lakini akikuuliza jambo unatamani uwe umelisoma jana. Alinieleza kwamba taka zikikaa kavu kwa jua la Same zinachelewa kuoza, gesi inatoka kidogo kidogo miaka mingi. Ukizilowanisha, zinaoza haraka, na gesi inakuja mapema na kwa wingi. Kwa hiyo tulikuwa na pampu iliyochukua maji meusi yaliyochuruzika chini ya shimo na kuyarudisha juu, na tangi la maji ya mvua la kuongezea. Ndiyo ikawa kazi yangu, kumwagilia takataka. Na hapo ni Same, mwanangu, ambako maji yanaletwa kwa punda. Watu walipita wakaniuliza kama taka zangu zimeshachipua.

Sikujali, kwa sababu mambo ya maji niliyaona ni ya ukoo wetu. Unajua babu yangu alikuwa mwangalizi wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Wewe umekuta mabomba, lakini ndiva ile iliyo juu ya shamba la kina Mchome ndiyo ilitulisha. Maji ya mfereji yanaingia usiku kucha, bwawa linajaa, asubuhi linafunguliwa na kila mtu anapata zamu yake. Pembe ya msaragambo ikilia, kijiji kizima kinatoka kwenda kuzoa tope na kuziba mahali panapovuja. Na kuziba nilikuwa hodari, usinione hivi. Udongo mfinyanzi, majani, unakanyaga kwa kisigino mpaka panatulia.

Ikafika wiki Injinia Kulwa akasafiri kwenda Moshi kufuata mabomba. Akaniachia mambo mawili. La kwanza, nimwagie kiasi kile kile cha kila siku, nisizidishe. La pili, kila alfajiri, kabla ya yote, nichukue pampu ya mkono nivute maji yaliyoingia ndani ya mabomba ya gesi. Akalirudia hilo la pili. Nikaitikia vizuri sana, kama mtu ambaye ameelewa.

Sikuelewa. Nilikaa nikalizungusha kichwani: mchana naingiza maji, alfajiri nayatoa? Sasa si tungeacha tu? Nikahitimisha kwamba dada wa watu amechoka na safari. Halafu alfajiri, mwanangu. Siku ya kwanza niliamka. Siku ya pili niliamka jua limeshatoka, nikavuta mara mbili tatu kwa heshima. Siku ya tatu nilijigeuza upande wa pili.

Maji, hata hivyo, nilimwaga. Siku hizo za mwanzo jiko lilikuwa linawaka vizuri hadi nikajiona mtaalamu. Nikajisemea, kama maji haya kidogo yanatoa moto huu, yakiongezwa si Injinia atarudi akute shule nzima inapika? Nikafungulia tangi la mvua.

Siku ya nne moto ukaanza kurukaruka na kutema. Siku ya tano ukazima. Nikawasha, ukakohoa, ukazima. Nikafikiri kwa akili ya shambani: mmea ukinyauka una kiu. Nikaongeza maji. Kisha nikapanda juu ya jalala, nikaona udongo una nyufa, na kwenye nyufa inatoka harufu ya mayai yaliyooza. Ahaa, nikasema, kumbe inavuja. Hapo sasa nilikuwa nyumbani. Nikachimba udongo mfinyanzi, nikakusanya majani, nikaziba ufa mmoja mmoja kwa kisigino kama nilivyofundishwa. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii vile, kabla wala baada ya hapo. Babu angeona, angelia kwa furaha. Ndivyo nilivyodhani.

Jiko halikuwaka.

Asubuhi iliyofuata alikuja Mama Nakunda. Huyu alikuwa mjane aliyeishi peke yake, ua wake umepakana na jalala letu. Alikuwa ameolewa kutoka Gonja, kwa hiyo tukikutana tulikuwa tunasalimiana Kipare na kusengenya joto la tambarare. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Akaniambia maharage yake ya upande wa jalala yamekuwa ya njano yote, kwa siku mbili tu, na ardhi imelowa.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia nitamletea maji.

Akageuka kuelekea kwake. Kisha akaniambia nimfuate. Hapo uani ndipo nilipokiona kile kidimbwi kinachochemka baridi, nikatia kidole changu, nikatia tena, naye amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni, ananisubiri nimalize kusoma. Nikamuuliza kama labda kuna chura chini. Akanipeleka mlangoni mwa jiko lake, kijumba cha udongo chenye mafiga matatu, akanizuia nisiingie. Kuku alikuwa amewatoa wote, na mwiko na sufuria alikuwa ameviweka nje juu ya jiwe.

Alinieleza kwamba asubuhi ile aliwasha kuni kama siku zote. Kuni hazijashika, akaona mwali wa buluu umelala chini, kwenye ufa wa sakafu, unatambaa kutoka kwenye figa kwenda ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kuni wala majani. Hauna moshi wala sauti. Alimwagia majivu, akatoka kinyumenyume. Nilisikiliza yote nikitafuta pa kuyaweka. Moto ninaoutafuta jikoni kwangu siku ya pili hii haupo, na kwake, ambako hakuna bomba hata moja, unatoka ardhini wenyewe. Nilitaka kusema umeme. Nilitaka kusema nyoka. Nikasema pole.

Mama Nakunda akaniuliza taratibu nimefanya nini huko kwangu. Nikamweleza, na kwa kweli nilieleza kwa majivuno kidogo: nimejaza maji, na nyufa zote nimeziba, hakuna hata moja inayovuja.

"Wewe si mjukuu wa mzee wa ndiva?" akaniuliza.

Nikasema ndimi.

"Babu yako alikuwa anaamka saa ngapi?"

Nikasema alfajiri, giza halijatoka.

"Kwenda kufanya nini?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipokwama. Sikujua. Nilijua tu kwamba anatoka, maana mlango ulikuwa unalia na ulikuwa unaniudhi. Msaragambo nilienda, kwa sababu ulikuwa mchana na kulikuwa na makande. Kujaza nilikujua, kwa sababu maji yanajijaza wewe ukiwa umelala. Kuziba nilikujua. Lakini kila siku ya maisha yake yule mzee alikwenda kulifungulia bwawa kabla halijazidiwa na kupasuka ukuta juu ya mashamba ya watu, na mimi kila siku ya utoto wangu nilikuwa chini ya blanketi.

"Alikwenda kufungua," Mama Nakunda akasema. "Umejaza, umeziba, sasa niambie wewe, hicho ulichokijaza kitoke wapi? Kimekuja kutokea jikoni kwangu. Ningekuwa mlalaji kama wewe, nisifungue mlango wa jiko kabla ya kuwasha, leo ungekuwa unawaeleza wanangu nilivyokufa."

Hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele.

Nikakumbuka maneno ya Injinia, yale ya kuvuta maji kwenye mabomba. Na bado nakuambia ukweli: sikuyaelewa kwa wakati ule, niliyatambua tu, kama unavyomtambua mtu uliyempita njiani bila kumsalimu. Na la kwanza lililonijia halikuwa la kiungwana. Nilifikiri nikimbie nikavute maji haraka haraka, nizibue nyufa, moto urudi, Injinia asijue. Nikamwambia Mama Nakunda nitalimaliza mwenyewe. Akaniuliza kama ninajua kile kilichowaka kimeenea hadi wapi chini ya nyumba yake. Sikujua. Akaniuliza nani anajua. Nikashika njia.

Nilikimbia hadi kibanda cha simu mjini, mimi ambaye hata basi huwa nalisubiri lisimame kabisa. Injinia Kulwa alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akasema, "Huyo mama asiwashe kitu, na asilale humo ndani. Ukishamwondoa, vuta maji. Mengine nitakuuliza nikifika."

Mama Nakunda akahamia kwa mwenzake wa kwaya, kuku wamo kwenye tenga nililolibeba mimi. Nikazibua nyufa zangu zote nilizoziba kwa ustadi ule. Nikavuta maji meusi kwenye mabomba, bomba baada ya bomba, mpaka viganja vikavuja damu. Injinia alifika jioni na kifaa cha kunusa gesi, akakipitisha kwenye nyufa za jiko la Mama Nakunda, nacho kikalia. Kesho yake tukachimba mfereji mrefu kati ya jalala na ule ua, tukaujaza kokoto, ili kinachotafuta njia kikutane na njia kabla hakijafika kwenye nyumba ya mtu. Akanieleza akiwa na koleo mkononi: ukiharakisha kuoza, umeharakisha na gesi, kwa hiyo pa kuikusanyia pawe tayari kabla ya tone la kwanza la maji. Mabomba nilikuwa nimeyazamisha kwa maji, gesi ikakosa pa kupita, mfuniko nimeukaza, na plastiki ile ya chini kumbe haikupandishwa vizuri ukutani mwa shimo upande wa Mama Nakunda. Gesi haikukosekana hata siku moja. Ilikuwa nyingi kuliko ilivyowahi kuwa, na ndiyo iliyobubujika kwenye kile kidimbwi baridi. Jiko langu limezima, na gesi imejaa. Niliitikia kwa kichwa, na usiku nikaota kidimbwi.

Kwa siku kadhaa kifaa kile kiliendelea kulia, halafu kikanyamaza, na kikaachwa kinyamaze siku nyingine nyingi kabla Mama Nakunda hajaruhusiwa kurudi. Nilidhani atanidai maharage yake. Alinipa adhabu nyingine. Kila alfajiri nilipomaliza kuvuta maji kwenye mabomba nilitakiwa kupita mlangoni kwake, naye ataniuliza neno moja tu: "Umefungua?" Nikijibu nimefungua, anawasha kuni zake, tunakunywa chai. Siku nikichelewa anakaa na jiko baridi, ananisubiri, na mtaa mzima unajua ni nani anayemnyima mama wa watu chai. Niliamka alfajiri miaka miwili, mwanangu. Mimi.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na nimeifikia kwa shida. Huko uendako utapewa kazi ambayo nusu yake utaiona inafanana na kitu cha nyumbani, utafurahi, utasema hii naijua. Simama hapo. Jiulize ile nusu nyingine ilikuwa inafanywa na nani wewe ukiwa umelala, kisha umtafute mtu aliyeifanya umuulize. Ukiagizwa jambo usilolielewa, liulize siku hiyo hiyo hata kama watakucheka. Mimi nilichekwa kwa kumwagilia taka na sikufa, lakini kwa kuona haya ya kuuliza kidogo afe mtu mwingine. Kabla hujaharakisha kitu chochote, nenda kaone kitatokea wapi, na ni nani anayepika upande huo. Na ukiharibu, piga simu kwanza, ufikirie aibu baadaye. Ninyi simu mnazo mfukoni, hata kisingizio cha kukimbia hadi mjini hamna.

Mungu akushushe salama na akupandishe salama. Akupe mkuu wa kazi asiyechoka kurudia neno, na jirani mwenye mikono kiunoni. Akuamshe alfajiri ukafungue panapotakiwa kufunguliwa. Mimi mwenyewe, tangu Mama Nakunda atangulie, hakuna tena wa kuniuliza, lakini mlango wangu ukilia asubuhi huwa najibu peke yangu: nimefungua, mama. Halafu narudi kulala, hilo Mungu atanisamehe.