Kisima cha Mbuzi wa Mawe

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, hapa Kakuma, mwaka ule wa korona shule zilipofungwa, nilipomsikia mwanangu mdogo akitikisa mawe ndani ya kopo la maziwa ya unga. Sauti ile kavu ilinirudisha Lodwar, kwenye ua wetu wa miiba, nikiwa na miaka tisa.

Mwaka huo wa utoto wangu kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini. Waliokunywa maji ya visima vya mchangani, katika mto Turkwel, waliamka wazima na jioni wakabebwa. Mama akatufungia nyumbani, mimi na mdogo wangu Ekai, aliyekuwa na miaka mitano. Maji yetu yalichemshwa kwa kuni mpaka yakanuka moshi. Mimi niliyanywa nikiwa nimeziba pua. Ekai aliyakataa katakata.

"Haya ni ya kuoshea sufuria," alisema, akafumba mdomo.

Ili atulie, Mama alimwokotea mawe akamwambia hao ndio mbuzi wake. Akamchorea nchi: pembe moja ya ua ikawa Lokiriama, nyingine Kainuk, na penye kivuli cha nyumba pakawa Eliye. Ekai aliwapa mbuzi majina kufuata rangi zao, akawahamisha malisho akiwapigia mluzi. Nami, msinicheke, mtu mzima wa miaka tisa, niliwaiba alipogeuka, ili tu nimsikie akipiga yowe la uvamizi.

Asubuhi moja hatukumwona. Mama alitupa kikapu alichokuwa akisuka, akakimbia bila viatu, mimi nyuma yake. Tulimkuta karibu kabisa na mto, kundi lote limo ndani ya shati lake.

"Ekai! Unaenda wapi?"

"Kuwanywesha. Tangu juzi hawajakunywa. Wewe ungekaa hivyo?"

Nilingojea kofi. Mama alisimama akihema, akiyatazama yale mawe.

"Kweli," akasema, "nimekosa mimi. Nimekupa mbuzi bila kisima."

Tuliporudi alichimba shimo katikati ya ua, akazika sufuria safi mpaka ukingo wake ukakaribia mchanga, akaijaza maji yaliyochemshwa na kupoa. Kando akaweka kifuniko cha bati kiwe hori la mbuzi. Kisima hicho, alisema, hakiguswi na mikono isiyooshwa kwa sabuni. Ekai aliosha mpaka viwiko. Akateka kwa kibuyu, akamimina horini, akawaimbia mbuzi wake mmoja mmoja kama alivyowaona wachungaji wakifanya. Walipokwisha kunywa, akanywa yeye, kibuyu kizima, kwa sababu mchungaji hunywa mwisho.

"Ya kisima ni matamu," akatuambia. Yalikuwa yale yale, na moshi wake.

Mama Nafula, jirani yetu mfanyabiashara kutoka Kitale, alichungulia juu ya miiba. "Mama Ekai, hizo mbuzi zako utaniuzia lini? Naona zimenenepa!"

"Chimba kisima kwanza," Mama akamjibu. "Simuuzii mtu wa kuua mbuzi kwa kiu."

Mama Nafula alicheka, lakini kesho yake tulisikia jembe upande wake, kisha watoto wake wakigombana nani ateke.

Tangu siku hiyo Mama alihamishia kigoda chake mlangoni pa ua, akawa anasukia vikapu vyake hapo, shuka kichwani. Nilidhani amepapendea upepo. Ugonjwa ulipita bila kuingia kwetu wala kwa Mama Nafula, naye akarudisha kigoda kivulini.

Nami hapa Kakuma nilimchorea mwanangu nchi, nikamzikia sufuria, nikabeba kigoda changu hadi mlangoni pa ua. Nilipokaa ndipo nilipong'amua kwamba pale pa Mama hapakuwa na upepo wowote. Palikuwa na njia ya kwenda mtoni.

"Mama," mwanangu akaniita kutoka Lokiriama yake, "mbona unakaa juani?"

Nikamwambia ninachunga.