Udongo Niliomnyima Ndugu Yangu

Siku hizi naomba nikiwa nimeketi kwa sababu magoti yamekataa. Mchungaji wetu amesema haidhuru, nami namshukuru Mungu hata kwa kiti. Lakini kuna jambo moja nililoliungama nikiwa bado naweza kupiga magoti, na nataka kuliandika kabla kichwa nacho hakijakataa. Watu wazima ninaowafundisha kanisani kila Alhamisi hunisikia nikisema juu ya rehema ya Mungu, na nadhani wengi huamini niliijua kwa kusoma.

Mama yetu alifariki miaka michache baada ya uhuru, katika ule mwezi wa baridi ambapo ukungu hukaa juu ya kahawa mpaka saa sita mchana. Nyumbani kwetu ni karibu na Karurumo. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika kanisa letu nilikuwa mzee wa kanisa mwenye umri mdogo kuliko wote. Nilijua Maandiko, na nilijua kwamba nayajua.

Kwetu, sanduku likishateremshwa kaburini na mchungaji akamaliza maneno yake, mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo kabla ya wengine wote. Huinama, akachukua kiasi kinachojaa mkono, akautupa. Baada yake hufuata wengine kwa kuzaliwa kwao, na hakuna anayegusa sepetu kabla ya mkono ule wa kwanza. Desturi hii haikuandikwa katika kitabu chochote cha kanisa, wala hakuna kitabu cha kanisa kilichoikataza.

Mtoto wa kwanza wa mama alikuwa kaka yangu. Miaka miwili kabla ya msiba alikuwa ametengwa na meza ya Bwana kwa kuoa mke wa pili. Mimi nilikuwa kati ya wazee waliokata shauri hilo, na yeye alijua. Hakunichukia. Alikuja kwangu siku ya pili yake na mkungu wa ndizi begani, akaniambia, "Sheria ni sheria, mwalimu. Lakini ndizi hazijatengwa, au vipi?" Tukacheka.

Asubuhi ya mazishi mchungaji wa wakati ule, mtu mpole mwenye mvi, aliniita kando. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika ratiba.

"Mwalimu, udongo ataanza nani?"

"Mimi."

"Na kaka yako?"

"Hali yake unaijua, mchungaji."

"Hilo ni shauri la nyumba yenu," akasema. "Kanisa halina neno hapo."

Nikaandika jina langu. Sijui nieleze vipi. Walikuwapo wachungaji wageni kutoka parokia nyingine, na nilitaka waone kwamba katika nyumba yetu imani haichezewi. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ile mbaya ni kwamba tangu utotoni mama alikuwa akimwita yeye kwanza, na siku hiyo nilitaka niwe wa kwanza.

Kaka alipoisoma ratiba alinijia. "Mbona jina langu halipo?"

Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na macho yalikuwa mekundu kwa kulia. Nikamwambia, "Kanisa limekataa."

Hakubishana. Lakini mchungaji alipomaliza maneno yake pale kaburini, niliona ameinama tayari, mkono umejaa udongo mwekundu. Nikasimama mbele yake. Watu wote waliona. Alifungua vidole, udongo ukaanguka kwenye viatu vyake, akageuka akaondoka kupitia katikati ya kahawa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehama na wake zake wawili, akashuka Kiambere, kwa jamaa za yule mke wa pili. Shamba lake la nyumbani likabaki mikononi mwangu nilitunze, na nililitunza, kahawa yake na yangu.

Miaka ikapita, zaidi ya thelathini. Nilifundisha, nikastaafu, nikawazika watu wengi. Nilihubiri juu ya mwana mpotevu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilipofika kwa yule kaka mkubwa aliyekataa kuingia karamuni nilikuwa nikipita haraka.

Siku moja asubuhi shemeji yangu, yule mke wa pili, alifika kwangu. Mke wa kwanza alikuwa amekwisha kufariki. Nilikuwa sijamwona huyu tangu siku ile ya mazishi. Aliketi, akanywa chai yake yote kabla hajasema kitu.

"Shemeji, mtu wako hatoki kitandani."

"Tangu lini?"

"Tangu tuvune ndengu. Mapafu, wanasema. Hospitali wameniambia nimpeleke nyumbani, nimtunze tu."

"Je, anaombewa?"

"Mwinjilisti amekuja mara nne. Mzee wangu anamkaribisha vizuri, anasema apewe chai. Halafu anamwambia, chai ni yako lakini sala ibebe, upeleke nyumba ya pili. Anasema, kanisa lilinizuia nisimzike mama yangu, na mimi sitaliomba linizike."

Nikachukua kikombe chake kitupu.

"Na anataka, shemeji. Hiyo ndiyo inaniuma. Nikitoka kwenda kuteka maji, nikirudi namsikia anaimba zile nyimbo zenu za zamani. Akisikia mlango anaanza kukohoa, eti alikuwa anakohoa tu."

Aliondoka na majani ya chai niliyompa. Mimi nilibaki nimeshika kikombe chake kitupu. Nilikuwa nimejiambia kwa miaka hiyo yote kwamba niliyemkosea ni ndugu yangu. Siku hiyo nilielewa kwamba nilimsingizia Mungu. Niliweka kukataa kwangu katika kinywa chake, na mtu akaishi akiamini kwamba ni Mungu aliyemfukuza kaburini kwa mama yake.

Nilianza kushuka Kiambere kila Jumatano. Ni safari ya kumchosha mzee. Unatoka kwenye baridi, unashuka, unashuka, mpaka sweta inakuwa adui, na gari likishakuacha barabarani bado kuna mwendo wa saa nzima kati ya miiba na mashamba ya muguka, yale majani ya kutafuna. Nilikuwa nikifika nimelowa jasho, vumbi limenishika mpaka kwenye kope.

Mara ya kwanza kaka alinitazama kutoka kitandani. Ule mwili mkubwa ulikuwa umekwisha, imebaki mifupa na sauti.

"Mzee wa kanisa amekuja kuhakikisha kama nimemalizika," akamwambia mkewe. "Mwambie bado kidogo."

"Nimekuja kukuona, kaka."

"Basi ona."

Nikaona. Nikakaa, nikanywa uji wa mtama, nikarudi bila kusema. Jumatano ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilisema, "Kaka, kuna neno," akaniambia, "Kama ni la Biblia, nimeshiba," nami nikashukuru kwamba amenikatiza. Njiani nilijionea haya kiasi cha kuketi juu ya jiwe. Nilikuwa naogopa mambo mawili. Nikisema, nitampoteza ndugu kwa mara ya pili, na safari hii hakuna tena miaka ya kungojea. Nisiposema, atakufa akiwa amempa Mungu mgongo kwa ajili ya kosa langu. Ukiyaandika hivi unaona ni lipi zito. Lakini mwili wa mtu si karatasi, na mwili wangu ulikuwa umechoka.

Jumatano ya nne nilisema nikiwa bado mlangoni, kabla sijaketi, kwa sababu nilijua nikiketi nitapewa uji.

"Kaka, siku ya mama kanisa halikukukataza. Mchungaji aliniachia mimi. Mimi ndiye niliyekataa, halafu nikakuambia ni kanisa. Nilisema uongo."

Shemeji alikuwa akipepeta mtama pale nje. Nikasikia ungo umenyamaza.

Kaka akauliza, "Yule mchungaji mwenye mvi?"

"Ndiye."

"Yule alinitumia salamu hapa, mara mbili, kabla hajafa. Nikawarudisha waliozileta." Akapumua kwa shida. "Kwa hiyo nimegombana na Mungu miaka hii yote kwa kesi isiyokuwa yake."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nisamehe, kaka."

"Mwambie mwinjilisti aje," akasema. "Na huyo mchungaji wenu wa sasa. Waje. Wewe usiingie tena hapa."

Nikatoka. Shemeji hakunitazama.

Waliweka siku ya kumrudisha kwenye meza ya Bwana pale pale nyumbani, kwa kuwa hangeweza kufika kanisani. Mchungaji alikuwa kijana. Nilikuwa nimemfundisha katekisimu alipokuwa mdogo. Nilishuka siku hiyo pia. Sikuingia. Niliketi nje, mgongo kwenye ukuta wa udongo wenye joto, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nilisikia kila kitu. Nilimsikia kaka akijibu maswali kwa sauti ndogo, na akikiri dhambi zake, nyingine nilizozijua na nyingine nisizozijua. Wakaanza Sala ya Bwana. Sauti yake ilikuwamo mwanzoni. Walipofika pale pa kuomba tusamehewe kama sisi nasi tunavyowasamehe waliotukosea, sauti yake ikakatika. Wengine nao wakapungua, mmoja mmoja, mpaka nyumba ikawa kimya.

"Mzee, unaumwa?" mchungaji akauliza.

"Siumwi. Endeleeni," kaka akasema. "Hiyo nitaisema nikiweza. Sitaki kumdanganya Mungu leo. Nimetoka kupatana naye juzi tu."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

Mchungaji alitoka nje. Alinikuta pale ukutani, akachuchumaa kando yangu, kanzu ikaingia vumbini.

"Mwalimu, umesikia. Nifanye nini? Asiyesamehe nampaje mkate wa Bwana? Wewe ndiye uliyetufundisha."

Ni kweli niliwafundisha. Ningeweza kumpa aya tatu pale pale, zote za kumnyima. Kwa mara ya pili katika maisha yangu mchungaji alikuwa ananiuliza kama kaka yangu apewe au asipewe, na kwa mara ya pili neno langu lingetosha. Sikuona nuru yoyote. Niliona tu nyayo zangu zilizopasuka, na nikajisikia mzee kupita kiasi.

"Mpe," nikasema.

"Kwa msingi gani, mwalimu?"

"Yule ambaye kaka anashindwa kumsamehe ni mimi. Mimi ndiye niliyemkosea, na nakuomba umpe. Kama ni kosa, liandike kwangu. Amesema ataisema akiweza. Mimi nilikaa miaka zaidi ya thelathini bila kuweza kusema langu, na kila mwezi nilikula mkate huo huo. Mungu alinivumilia."

Alifikiri. Sijui alifikiri nini. Mpaka leo hajaniambia. Aliinuka, akapangusa kanzu, akaingia. Nikasikia kikombe kikigusa sahani, na kaka akikohoa baada ya kumeza.

Niliendelea kushuka kila Jumatano. Hakuwa ameniruhusu kuingia, basi niliketi nje, shemeji akawa ananiletea uji huko. Tulikuwa na kazi. Alinipa mtama nipepete, na nilikuwa sijui, akanicheka, mwalimu mzima asiyeweza ungo. Wakati mwingine kutoka ndani sauti ilikuwa ikiuliza, "Bado yuko?" naye akijibu, "Yuko." Hakuna zaidi. Nilirudi nyumbani kila mara nikiwa sina kitu cha kuonyesha isipokuwa maumivu ya kiuno. Mke wangu, Mungu amlaze pema, aliniuliza kwa nini naenda. Nilimwambia sijui kazi nyingine ya kufanya Jumatano.

Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuielewa rehema, na haikuwa kama nilivyoifundisha. Nilikuwa nikiifundisha kama mvua, inayonyesha ikamaliza. Lakini Mungu amekaa nje ya nyumba ya watu wengi kwa muda mrefu, akisikia wanavyouliza kama bado yuko.

Jumatano moja shemeji alikuwa amekwenda kisimani. Nilikuwa nje peke yangu nikasikia, "Wewe."

Nikaenda mpaka mlangoni.

"Nigeuze. Ubavu umekufa."

Niliingia, nikaweka mkono chini ya bega lake na mwingine kwenye nyonga. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la kahawa lililopungua. Nilimgeuza vibaya.

"Polepole, mwalimu. Mimi si ubao wako wa shule."

"Hapa?"

"Hapo sawa."

Nilitaka kutoka. Akasema, "Kuna kiti," nami nikaketi. Alifumba macho. Nilifikiri amelala, kisha akauliza, bila kuyafumbua, "Kahawa ya nyumbani imechanua?"

"Imechanua. Wiki mbili sasa."

"Na ile yangu ya upande wa mto?"

Sikumuuliza kuhusu ile sala. Nilimweleza kahawa yake ya upande wa mto, mstari kwa mstari, ni mashina yapi niliyokata mwaka gani na yapi yamechipuka upya, jinsi maua yalivyokuwa meupe mwaka huo na nyuki walivyokuwa wengi. Alikuwa akinirekebisha nilipokosea idadi ya mistari. Nilieleza mpaka shemeji aliporudi na maji, akatukuta, akatua mtungi wake.