Mwalimu Orpah na Rangi za Chemchemi

Wifi yangu Orpah ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu akanyamaza. Anafundisha fizikia katika shule ya kutwa hapa Nyamira, na hata povu la sabuni kwenye vyombo analigeuza somo. "Phanice, ebu ona hizo rangi! Mwanga ni mawimbi hayo." Mimi namwambia mawimbi yake yaoshe sufuria kwanza.

Lakini siku ya chemchemi sikuwa na mzaha.

Mogire, jirani yetu wa ng'ambo ya shamba la majani chai, alishuka asubuhi akakuta maji yametanda rangi: zambarau, kijani, dhahabu, zikijikunja zenyewe. Mtoto wake alikuwa akihara tangu juzi. Na aliyemkuta akiondoka hapo na mtungi ni nani? Mama yangu Nyanchoka, mjane, mzee, anayependa kuamka mapema. Basi, kesi imekwisha! Kabla ya saa nne neno lilikuwa limezunguka kijiji kizima: omorogi, mchawi, ametia kitu majini.

Niliogopa, sifichi. Huku kwetu vikongwe wamechomewa ndani ya nyumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilimsihi mama twende Keumbu kwa dada yake. Akakataa katakata. "Nikikimbia nimekubali," alisema, akajifunga leso, akakaa jikoni. Huko chini nilisikia vijana wakipiga mbinja. Hao wakipanda huku na petroli nitawazuia na nini? Mwiko?

Nikampigia Orpah simu. Alikuja mbio kutoka shuleni, beseni jeusi mkononi, na hakupitia nyumbani. Aliteremka moja kwa moja hadi kwenye umati uliokusanyika chemchemini. Nilimfuata.

"Mose," alimwita mwendesha bodaboda mmoja, "nipe tone la mafuta ya injini yako." Mose akachovya kijiti, akampa. Orpah aliteka maji pale yanapotoka mwambani, yakiwa safi, akadondosha lile tone, akaliweka beseni juani. Rangi zikafunguka. Zilezile! Watu wakaguna.

"Mafuta yametandaa, yamekuwa membamba kuliko unywele," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Mwanga ukiyapiga, sehemu inarudi kutoka juu. Nyingine inapenya, inagonga chini ya mafuta, ndipo inarudi. Mwanga husafiri kwa mawimbi. Mawimbi hayo mawili yakikutana yakiwa yanapanda pamoja, rangi inang'aa. Moja likipanda na lingine likishuka, yanauana, rangi hiyo inapotea. Ndiyo maana hapa mnaona kijani na pale zambarau. Mama hajatia chochote. Kuna mtu anaosha pikipiki huko juu, mafuta yanateremka."

Mose akainamisha kichwa. "Mimi huoshea huko," alikubali.

Nilishusha pumzi. Mungu wangu, mama amepona!

Ila Mogire hakumtazama Mose. Alikuwa akimkodolea macho Orpah. "Kwa hivyo, Mwalimu, wewe unaweza kuzitoa hizi rangi wakati wowote?"

"Wakati wowote!" Orpah alijibu, uso umemng'aa, mjinga wangu wee. "Hata sasa hivi. Tazameni!" Akadondosha tena.

Nilitamani kumziba mdomo. Wanawake waliokuwa mbele walirudi nyuma, mmoja akamvuta mtoto wake akamficha kwenye sketi. Walipotawanyika walimpisha njia pana, na yeye, masikini, akadhani ni heshima.

Jioni alituandalia chai, akammiminia mama kwanza. Mama alikichungulia kikombe kwa muda. Huku kwetu mtu akishuku sumu humwambia aliyemwandalia aonje mbele yake. Hayo hufanywa kwa watu baki, si kwa mke wa mwanao, tena aliyekuokoa mchana huohuo.

"Mwalimu," mama alisema polepole, yeye ambaye siku zote humwita Mama Sharon, "onja wewe kwanza."

Orpah alinitazama mimi, kisha akamtazama mama. Akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akaonja, kisha akamrudishia.